Uzi: Baridi inayokuganda wewe peke yako. Ni tezi ya shingo au ni madini chuma?

#1 MaabaraUjiji

Wakuu, kipupwe kimeshaingia. Huku juu Kasulu, Buhigwe na Manyovu asubuhi ni masweta na makoti, na Tabora usiku ndiyo usiseme. Kila mwaka ikifika mwezi wa sita swali ni lile lile: "Mbona mimi nasikia baridi kuliko wenzangu, nikapime tezi?" Mtu analipia TSH (kipimo cha homoni inayoiamuru tezi), jibu linarudi kawaida, anaambiwa hana tatizo, anarudi kujifunika blanketi mbili. Hapo katikati kuna kitu kinarukwa, nacho ni madini chuma.

Jambo hili lina ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1990 John Beard na wenzake kule Marekani waliwaingiza wanawake kwenye maji ya nyuzi joto 28. Wengine walikuwa na damu pungufu kwa kukosa chuma, wengine walikuwa wazima. Wenye damu pungufu joto la ndani lilishuka zaidi, na oksijeni waliyoitumia ilikuwa ndogo, maana yake tanuri lao lilikuwa linawaka kwa shida. Homoni za tezi kwenye damu yao, T4 na T3, zilikuwa chini kabla hawajaingia majini na zikabaki chini wakiwa humo. Walipopewa chuma hadi damu ikarudi, joto na matumizi ya oksijeni vilitengemaa. Homoni nazo zilipanda, ila si zote kufikia za wazima.

Msicheke hizo nyuzi 28. Maji hunyang'anya mwili joto takriban mara 25 kuliko hewa ya joto hilo hilo. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yenyewe huwa kwenye nyuzi 24 hadi 28 hivi, kwa hiyo mama anayesimama kiunoni akifua pale Kibirizi anafanya jaribio lile lile bila mtu wa kumshikia saa.

Nauweka uzi mezani. Wa maabara, wauguzi, wafamasia na watu wa lishe, karibuni tuuchambue kwa hoja.

#2 Michembe_na_Karanga

Mkuu MaabaraUjiji, heshima yako. Lakini mbona naona unazunguka? Damu ikipungua, oksijeni inayofika kwenye misuli inapungua, joto linapungua. Basi. Tezi unaiingiza ya nini?

#3 MaabaraUjiji

Nusu ya hoja yako ni sahihi, tena nusu kubwa. Kwa panya waliowekwa kwenye nyuzi 4, wasio na chuma walipoa haraka huku wenzao wakishikilia joto. Walipobadilishiwa damu ili wekundu wa damu urudi, uwezo wa kuhimili baridi nao ulirudi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo upungufu wa damu wenyewe ni mhusika mkuu, sibishi.

Ila si peke yake. Namwachia Dundumio, yeye hapo ndipo nyumbani kwake.

#4 Dundumio

Nimeitika, mkuu. Chuma kinaingia kwenye habari ya tezi kwa milango mitatu, na watu wengi wanaujua mmoja tu au hawaujui hata huo.

Mlango wa kwanza ni kiwandani, ndani ya tezi yenyewe. Tezi inavuta madini joto kutoka kwenye damu, halafu inabidi iyabandike kwenye protini ili itengeneze T4 na T3. Kazi ya kubandika inafanywa na kimeng'enya kinachoitwa peroksidezi ya tezi, na kimeng'enya hicho kina hemu katikati yake, yaani chuma. Panya walionyimwa chuma, kimeng'enya hiki kilipungua nguvu. Nafaka ipo, mashine ya kusaga imelegea. Ndiyo maana kule Ivory Coast watoto wenye rovu waliopewa mafuta ya madini joto hawakufanana. Wenye damu ya kutosha rovu lilinywea vizuri. Wenye upungufu wa damu lilinywea kidogo, na walipoongezewa vidonge vya chuma ndipo likaendelea kunywea. Matokeo hayo ni ya mwaka 2000.

Mlango wa pili ni nje ya tezi. Tezi inatoa zaidi T4, ambayo ni kama homoni ya akiba. Inayofanya kazi kwa nguvu ni T3, na karibu asilimia 80 ya T3 ya mwili inatengenezwa nje ya tezi, kwenye ini, figo na tishu nyingine, kwa kuivua T4 chembe moja ya madini joto. Kwa panya wasio na chuma, kimeng'enya cha ini kinachofanya uvuaji huo kilipungua. Kwa hiyo hata T4 ikiwepo, kugeuka T3 kunasuasua.

Mlango wa tatu ni pale joto linapochomwa, kwenye mitokondria, yaani majiko madogo ya nishati ndani ya seli. Humo kuna saitokromu na protini za chuma na salfa, zote zinakula chuma. T3 inaweza kuamuru "washeni moto" na kuni zikawa hazishiki.

Sasa kosa wanalolifanya wengi: wanadhani ukiingia kwenye baridi T3 inaruka palepale. Kwa mtu mzima haiendi hivyo. T4 inachukua takriban siku 7 kupungua nusu, T3 kama siku moja, na TSH ya mtu mzima haitikisiki sana kwa baridi ya saa moja mbili. Kinachoruka haraka ni noradrenalini, ile inayobana mishipa ya ngozi na kuchochea uchomaji. T3 kazi yake ni kuandaa tishu ziisikie noradrenalini. T3 ikiwa chini kwa wiki nyingi, noradrenalini inapiga kelele na tishu hazisikii. Kwa panya wasio na chuma hilo linaonekana wazi: noradrenalini iko juu na joto bado linashuka.

#5 Kibiriti_Ngoto

Aisee. Dundumio hebu acha kidogo tupumue 😂 Nasoma naweka alama.

#6 Michembe_na_Karanga

Nimekuelewa, Dundumio. Naondoa pingamizi langu nusu. Nusu nyingine ni hii: je, mtu ambaye damu yake ni 12.5 (gramu za hemoglobini kwa desilita) lakini akiba ya chuma imeisha, naye anaganda?

#7 Dundumio

Hapo tafiti hazisemi kitu kimoja. Kwenye lile jaribio la Beard, walioishiwa akiba bila damu kushuka walikuwa karibu sawa na wazima. Kuna jaribio jingine la miaka hiyo hiyo, kule North Dakota, ambalo lilipunguza akiba ya wanawake kwa chakula na kwa kutoa damu, na hao walionyesha udhaifu wa kutengeneza joto. Mimi nalichukua hivi: damu ikiwa imeshuka, uhusiano ni mzito. Akiba pekee ikiwa imeshuka, usiape kwamba ndiyo sababu ya baridi yako. Tibu akiba kwa sababu zake nyingine.

#8 Mkunga_wa_Heru

Naomba kuongeza la watoto wachanga, maana hapo ndipo baridi inaua kweli.

Mtoto akitoka tumboni, ngozi imelowa na chumba cha kujifungulia kiko nyuzi 20 na kitu, TSH yake inapanda kwa kasi ndani ya nusu saa ya kwanza, inafika hata 60 au 70, halafu inashuka taratibu. Kwa mtu mzima namba hiyo ingetisha, kwake ni kawaida. Ndiyo sababu sampuli ya TSH ya mtoto haichukuliwi saa za kwanza. Mtoto mchanga hatetemeki kama sisi. Anategemea mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na mafuta hayo yanahitaji T3 inayotengenezwa humo humo.

Cha kufanya kwa vitendo: mkaushe mtoto mara anapotoka, tupa kitambaa kilicholowa na uchukue kikavu, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Kitovu usikikate papo hapo, subiri dakika 1 hadi 3. Damu inayoingia dakika hizo ni chuma cha miezi yake ya mwanzo. Kuogesha kusubiri saa 24. Najua bibi mlangoni atalalamika kwamba mtoto hajaogeshwa, mweleze kwa upole na ushikilie msimamo.

#9 Kibiriti_Ngoto

Kwa hiyo wataalamu, mtu anayeganda hivi aende duka la dawa achukue Fefo (vidonge vya chuma na foliki), mchezo umeisha?

#10 Mfamasia_Isevya

Hapana, mkuu. Hapo ndipo pa kusimama. Kwanza pima. Na mpangilio wangu ni huu: wingi wa damu, kisha picha kamili ya damu, malaria, choo, halafu feritini (kipimo cha akiba ya chuma) kama inapatikana. TSH inakuja baada ya hapo, au pamoja na hivyo kama kuna dalili nyingine za tezi: ngozi kavu, sauti kukwaruza, choo kigumu, uzito kuongezeka bila kula zaidi, mapigo ya moyo kwenda polepole, uvimbe shingoni.

Mipaka ya damu: mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, mjamzito chini ya 11, mwanamume chini ya 13. Kwenye picha kamili angalia MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Ikiwa chini ya 80 chembe ni ndogo, na chuma kinaingia kwenye washukiwa. Wanaoishi mwinuko wa juu damu yao hupanda kidogo kwa sababu ya mwinuko tu, kwa hiyo 12 ya Manyovu si sawa kabisa na 12 ya Ujiji pembeni ya ziwa.

Feritini kwa mtu mzima chini ya 15 ni akiba imekwisha, kwa mtoto chini ya miaka mitano ni chini ya 12. Lakini feritini ni mnafiki. Ukiwa na malaria, kifua au maambukizi yoyote inapanda, na mtu asiye na chuma anaonekana anacho. Wakati wa maambukizi mpaka unasogezwa: mtu mzima chini ya 70, mtoto chini ya 30. Kwa mikoa yetu hii, ambako malaria haijaaga, feritini ya 40 ya mtu aliyetoka kuumwa wiki iliyopita haimaanishi yuko salama.

#11 MaabaraUjiji

Niweke mkazo kwenye kuchoma kidole, maana damu ya 9 nyingi ninazoziona zimetengenezwa na mpimaji.

Mkono uwe na joto. Ukiwa wa baridi sugua kwanza. Kidole cha kati au cha pete, pembeni ya ncha, si katikati. Pangusa kwa spiriti na uache ikauke yenyewe. Spiriti ikibaki inachanganyika na damu. Choma mara moja, kwa nguvu ya kutosha. Matone mawili matatu ya kwanza futa kwa pamba kavu. Tone linalofuata lijitokeze lenyewe, likiwa kubwa ndipo uguse kuveti (kijisahani cha plastiki cha kubebea damu) ya mashine ya HemoCue mpaka ijae kwa mkupuo mmoja. Ukiona povu la hewa katikati, tupa, chukua nyingine. Usiongezee tone juu ya nusu. Futa nje ya kuveti bila kunyonya damu ya mdomoni, kisha ingiza kwenye mashine.

Kukamua kidole ndiyo dhambi kuu. Ukikamua, maji ya kwenye nyama yanatoka pamoja na damu, namba inashuka, mtu anatibiwa ugonjwa asio nao. Kuveti zilizoachwa wazi kwenye kopo nazo zinaharibika kwa unyevu, hasa za huku ziwani.

#12 Mfamasia_Isevya

Asante sana mkuu. Naendelea na kwa nini Fefo ya kubahatisha ni hatari.

Pemba walifanya jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo chuma na foliki kila siku, miligramu 12.5 za chuma, bila kuwapima kwanza. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mapema, mwaka 2003, kwa sababu waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa wingi zaidi, na malaria ilikuwa ya kwanza kwenye lawama. Matokeo yalitoka 2006. Wale waliokuwa na upungufu wa kweli, wakifuatiliwa na kutibiwa malaria, walinufaika. Kwa hiyo chuma si adui. Adui ni chuma kwa mtoto mwenye malaria isiyotibiwa, bila chandarua na bila vipimo. Na kwa watoto wenye selimundu, damu kuwa chini si ushahidi kwamba chuma kimepungua. Pima feritini kwanza.

Dozi ya mtu mzima mwenye upungufu: angalia chuma halisi, si uzito wa kidonge. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma kama miligramu 65. Miongozo mingi inasema miligramu 120 za chuma kwa siku mpaka damu irudi, kisha miezi 3 zaidi kujaza ghala. Ila tafiti za 2017 zilionyesha kwamba ukimeza leo, hepsidini, homoni inayodhibiti chuma, inapanda na kufunga mlango wa utumbo kwa karibu saa 24. Ukimeza siku moja na kuruka moja, kila kidonge kinafyonzwa vizuri zaidi na tumbo linakuwa tulivu. Mjamzito asijiamulie kuruka. Afuate anachoambiwa kliniki.

Kipimo cha kujua dawa inafanya kazi: baada ya wiki 4 damu ipande angalau 1, mara nyingi 2. Isipopanda, usiongeze vidonge, tafuta kinachovuja. Safura ndiyo ya kwanza, hasa kwa wanaolima bila viatu. Dawa yake ni albendazo ya miligramu 400. Kichocho kwa wanaoingia ziwani na mabwawani. Hedhi nzito. Vidonda vya tumbo. Na wanaosema "nameza" huku vidonge viko kabatini kwa sababu choo kimekuwa cheusi wakaogopa. Choo cheusi ni kawaida, mkiwaambia mapema hawataacha.

Jambo la wajawazito ambalo maduka mengi yanalikosea: wanaomeza SP za kukinga malaria wasipewe foliki ya miligramu 5, inapunguza nguvu ya SP. Foliki yao ni ile ndogo ya miligramu 0.4 iliyomo kwenye Fefo.

Vidonge viwekwe juu kabisa. Vile vyekundu vinafanana na peremende, na 10 vya miligramu 60 kwa mtoto wa kilo 10 ni sumu kali.

#13 Dagaa_Mkavu

Tumefika jikoni sasa 😀

Dagaa wa Kigoma analiwa mzima, kichwa na mifupa, na chuma cha samaki na nyama kinafyonzwa kwa wepesi kuliko cha maharage na mchicha. Tena dagaa ukiwachanganya na maharage wanasaidia hata chuma cha maharage kipite. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, ndipo yachemshwe. Yale maji yanabeba faiteti, kizuizi cha chuma. Mezani weka kitu kichachu au kibichi: limau, nyanya, pera, embe kama msimu unaruhusu kwa ndugu zetu wa Tabora.

Chai ya rangi na mlo ndiyo tatizo kubwa. Kikombe kimoja na chakula kinaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha mboga. Inywe saa moja kabla au saa mbili baada. Kahawa vivyo hivyo. Na wanaotafuna udongo wa sokoni: hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, halafu udongo wenyewe unakamata chuma tumboni. Ukimkuta mtu na kipande mkobani, mpime damu badala ya kumsema.

#14 Kibiriti_Ngoto

Na juisi ya rosela na bitiruti? Mtaani ndiyo "damu" yenyewe.

#15 Dagaa_Mkavu

Rangi nyekundu si chuma, ndugu yangu. Bitiruti ina chuma kidogo. Rosela ina uchachu unaosaidia, lakini pia ina vizuizi vya jamii ya vile vya chai. Kunywa ukipenda ladha, usiweke matibabu ya mtu humo.

#16 Dundumio

Kabla hatujasahau tezi. Huku kwetu muhogo ni chakula cha kila siku. Muhogo mchungu usiovundikwa vizuri unabaki na sianidi. Mwili ukiisafisha inatoka thayosianeti, na hiyo inashindana na madini joto mlangoni mwa tezi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na mambo matatu kwa pamoja: muhogo usiovundikwa, chumvi isiyo na madini joto, na damu ya 9. Ukirekebisha chumvi peke yake, yale ya Ivory Coast yanakurudia. Vundika siku 3 mpaka ulainike na kuvunjika mkononi, toa nyuzi za katikati, anika juani ukauke kabisa.

Chumvi inauzwa kwa namna nyingi, ya pakiti na ya kupimwa kwa kopo, hata Uvinza penye chemchemi za chumvi. Usiamini maandishi ya mfuko tu. Kipimo cha matone kipo: weka kijiko cha chumvi kwenye kisosi, isawazishe, dondosha tone moja, subiri sekunde chache, linganisha na kadi. Zambarau au bluu iliyokolea ni nzuri, nyeupe ni hakuna kitu. Nyumbani inatakiwa angalau sehemu 15 kwa milioni. Isipobadilika rangi, dondosha tone la chupa ya pili iliyomo kwenye kipimo hicho kwanza, kisha rudia, kwa sababu chumvi yenye magadi hudanganya kipimo. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, kikavu, mbali na moshi wa jiko, na utie chumvi chakula kikikaribia kuiva.

#17 Michembe_na_Karanga

Swali la mwisho kutoka kwangu. Aliyethibitika tezi ni dhaifu kweli na damu pia imeshuka, anatumia dawa zote mbili. Anazipangaje?

#18 Mfamasia_Isevya

Levothairoksini alfajiri, tumbo tupu, kwa maji matupu, kisha dakika 30 hadi 60 ndipo anywe chai. Chuma kikae mbali nayo kwa saa 4 au zaidi, kwa sababu vikikutana tumboni vinashikana na mwili haupati dawa ya kutosha. Rahisi zaidi: ya tezi saa 11 alfajiri, ya chuma saa 3 usiku kabla ya kulala. Vidonge vya kalsiamu navyo vitengwe hivyo hivyo. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, si wiki mbili, maana T4 bado haijatulia.

Na kama TSH imepanda ghafla kwa mtu aliyekuwa ametulia, kabla ya kuongeza dozi muulize kama kuna mtu amemwanzishia Fefo hivi karibuni na anaimeza saa ngapi.